Upinde wa roda wa kuwindia: wa mbio, wa kati au mtulivu?

Ingia duka la pinde lolote Marekani au Kanada mwezi wa Agosti, wiki chache kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, utakuta kila upinde ukutani umebandikwa kikaratasi chenye namba: 352, 337, 316. Hiyo ni kasi ya mshale, futi kwa sekunde, na ndiyo namba inayomtoa mtu pesa mfukoni. Ni namba ya kweli, lakini kasi haiji bure. Kuna kitu umekitoa ili uipate, na kitu hicho hakiandikwi kwenye kikaratasi.

Upinde unaozungumzwa hapa ni ule wenye roda kwenye ncha zake mbili, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri na kupewa hataza mwaka 1969. Mnyama ni kulungu wa mkia mweupe, na sheria ni za huko Marekani ya Kaskazini, ambako kila jimbo hupanga msimu, leseni na uzito wa chini wa upinde kivyake. Msomaji aliyeko Kenya anajua uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwake yeye haya yatafaa kwenye kulenga shabaha tu.

Vigezo kabla ya majina

Tumezigawa pinde katika makundi matatu kwa namba ya kikaratasi. Wa mbio ni kuanzia 345 kwenda juu, wa kati ni 330 hadi 344, na mtulivu ni 310 hadi 329. Kila kundi tunalipima kwa mambo yaleyale: linavyovutika, linavyosamehe makosa, kelele zake, utunzaji, bei, na anayefaa kulichukua.

Maneno manne yatajirudia. *Urefu wa mvuto* ni umbali unaovuta kamba mpaka mwisho, nao hufuata mwili wako, si hamu yako. Nyosha mikono yote miwili pembeni, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawa kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 anapata sentimita 70, yaani inchi 27 na nusu. *Uzito wa mvuto* ni ratili unazozishinda ukivuta. *Ahueni* ni sehemu ya uzito huo ambayo roda hukupunguzia ukifika mwisho: upinde wa ratili 60 wenye ahueni ya asilimia 85 unakuachia ratili 9 tu za kushikilia. *Kimo cha kamba* ni umbali kati ya mshikio na kamba upinde ukiwa umetulia.

Hili la nne ndilo lenye siri nyingi. Kamba inayoanzia karibu na mshikio husukuma mshale kwa masafa marefu zaidi, ndiyo maana kasi hupanda, kama futi 10 kwa kila inchi moja ya kimo iliyopunguzwa. Lakini mshale nao hubaki kwenye kamba muda mrefu zaidi, na kiganja kikipinda kidogo katika muda huo, mshale unaondoka na kosa lako.

Namba ya kikaratasi si namba yako

Watengenezaji hupima kasi kwa upinde wa ratili 70, mvuto wa inchi 30, na mshale wa greni 350 (gramu moja ni greni 15.4). Mshale huo ni mwepesi kupita ile ambayo wengi huwindia, na mvuto huo ni wa mtu mrefu sana. Ukitaka kujua kasi yako, punguza hivi:

- futi 10 hivi kwa kila inchi ya mvuto iliyopungua kutoka 30;
- futi 15 hadi 20 kwa kila ratili 10 zilizopungua kutoka 70;
- futi 1 kwa kila greni 3 zilizoongezeka kwenye mshale;
- futi 5 hivi kwa vitu vinavyofungwa kwenye kamba, yaani kitundu cha kulengea na kitanzi cha kifyatuo.

Chukua mwindaji wa kawaida: mvuto wa inchi 27.5, ratili 60, mshale wa greni 420. Kwake yeye upinde wa kikaratasi 350 unashuka: 25 za mvuto, 17 za uzito, 23 za mshale, 5 za kamba. Zinabaki 280. Hii hapa hesabu ya makundi yote matatu kwa mtu huyohuyo na mshale huohuo:

| | Wa mbio (350) | Wa kati (335) | Mtulivu (315) |
|---|---|---|---|
| Kasi halisi, futi kwa sekunde | 280 | 265 | 245 |
| Nguvu ya mshale, futi-ratili | 73 | 65 | 56 |
| Muda wa kufika yadi 20, sekunde | 0.21 | 0.23 | 0.245 |
| Mshale unaposhuka ukidhani mnyama yuko yadi 30, kumbe yuko 35 | inchi 3.5 hivi | inchi 4 hivi | inchi 4.5 hivi |

Tazama mstari wa nguvu. Kwa kulungu, kipimo kinachotumiwa sana ni futi-ratili 25 hadi 41. Elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na dubu mweusi wanataka 42 hadi 65. Upinde mtulivu kabisa kwenye jedwali umeshapita mahitaji ya kulungu kwa mbali, kwa hiyo anayenunua kasi akidhani ataua vizuri zaidi amekosea sababu.

Sababu ya kweli iko mstari wa mwisho. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ni duara la inchi 8 hivi, maana yake una inchi 4 juu na 4 chini ya katikati. Ukikosea makadirio kwa yadi 5, mshale wa upinde wa mbio unabaki ndani kwa shida, wa kati unagusa ukingo, wa mtulivu unatoka nje na kumjeruhi mnyama. Tofauti ni inchi moja tu, lakini ni inchi inayomaliza kazi au inayokufanya ufuate damu usiku kucha. Ukiwa na kipima masafa cha leza shingoni na ukakitumia kweli, inchi hiyo inapoteza thamani yake karibu yote.

Mstari wa muda nao huwadanganya wengi. Sauti husafiri futi 1,100 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenye yadi 20 kulungu anausikia upinde baada ya sekunde 0.055, kabla ya mshale wowote kati ya hii. Akisikia hujikunja magoti ili achomoke mbio, na mgongo unashuka. Upinde wa mbio unamnyima sekunde 0.03 tu za kujikunja. Upinde wa kimya unaweza kumnyima sababu ya kujikunja.

Upinde wa mbio

*Kuvuta.* Uzito hupanda ghafla mwanzoni, unakaa juu kwa muda mrefu, kisha unadondoka mara moja karibu na mwisho. Wapiga upinde huita sehemu hiyo ya mwisho bonde, na kwenye upinde wa mbio bonde ni jembamba. Ukilegeza mgongo kwa nusu inchi tu, upinde unaondoka na mkono wako. Dukani, kwenye joto, misuli ikiwa imeamka, hilo hulioni. Utaliona saa 12:40 asubuhi mwezi wa Novemba, baada ya saa mbili za kukaa bila kusogea juu ya dungu, vidole vimekufa ganzi.

*Kusamehe.* Kimo cha kamba ni kati ya inchi 5 na nusu na 6 hivi, na pinde nyingi za kundi hili ni fupi. Mshikio ukiukamata badala ya kuuacha uegemee kiganja, mishale inatawanyika kulia na kushoto. Kuna kero nyingine ambayo haisemwi: kamba hupita karibu na mkono, na jaketi nene la baridi hushikwa na kamba. Mshale mmoja ukigusa mkono wa jaketi unaenda popote. Dawa ni kikinga mkono kinachobana nguo, na kufanya mazoezi ukiwa umevaa nguo zilezile za kuwindia.

*Kelele.* Nishati nyingi inatembea, mtetemo ni mkubwa. Mshale wa greni 7 au 8 kwa kila ratili ya upinde huinyonya vizuri. Ukitumia mshale mwepesi kutafuta namba kubwa, upinde unapiga kelele na mikono yake, yaani vipande viwili vinavyopinda juu na chini ya mshikio, inachakaa. Chini ya greni 5 kwa ratili usishuke kabisa: inakaribia kufyatua kamba bila mshale, jambo linaloweza kupasua mkono wa upinde na kufuta waranti.

*Utunzaji.* Hapa ndipo penye kazi. Roda mbili lazima zigeuke kwa pamoja. Kamba ikinyooka kidogo tu baada ya mazoezi ya wiki kadhaa, roda moja inafika mwisho kabla ya mwenzake, na mshale unaanza kuondoka ukiinamisha au kuinua mkia. Kukagua ni rahisi: vuta hadi mwisho mtu mwingine akitazama vizuizi vya roda. Vyote viwili viguse kwa wakati mmoja. Weka na alama ya kalamu ya fedha kwenye roda na kwenye mkono wa upinde siku fundi anapomaliza kuusawazisha. Alama ikihama, kuna kitu kimenyooka. Kurekebisha kunahitaji mashine ya kubana upinde. Usijaribu kwa jeki ya gari na kamba.

*Bei.* Mara nyingi dola 1,100 hadi 1,400 bila vifaa, na za kaboni hupita hapo. Kilengeo, kiegemeo cha mshale, podo, kifyatuo na mishale huongeza mia kadhaa.

*Unamfaa* mwenye mkono uliozoea, anayepiga mishale mara tatu au nne kwa wiki mwaka mzima, na anayewinda mahali pa wazi. Unamfaa pia mtu wa mvuto mfupi, inchi 26 au pungufu. Watu hawa huambiwa wachukue upinde mpole, nasi hatuoni sababu ya kulifanya hilo kanuni: mvuto wao mfupi tayari umeufanya mshale ukae muda mfupi kwenye kamba, kwa hiyo ubaya wa kimo kidogo huwapata kwa uchache, na kasi wanaihitaji kuliko mtu mrefu.

Upinde wa kati

*Kuvuta.* Kuna mlima, lakini una mteremko. Modeli nyingi za kundi hili hukuruhusu kuchagua ahueni ya asilimia 80 au 85 kwa kuhamisha kijiskrubu kwenye roda. Hakikisha jimbo lako halina kikomo cha ahueni kabla ya kuhamisha.

*Kusamehe.* Kimo cha inchi 6 hadi 6 na nusu, urefu wa inchi 30 hadi 33 kutoka ekseli hadi ekseli. Kosa dogo la kiganja linaonekana kwenye yadi 40 na kufichika kwenye 20.

*Kelele.* Hapa watengenezaji ndipo wamewekeza zaidi miaka ya karibuni. Ukiwa na mshale wa greni 420 au zaidi, pinde nyingi zinatoa mlio mfupi mzito badala ya mlio mkali.

*Utunzaji.* Ukaguzi uleule wa roda, ila upinde huvumilia zaidi kabla mshale haujaanza kulalamika.

*Bei.* Dola 700 hadi 1,300. Pengo ni pana kwa sababu kundi hili lina modeli za juu za kampuni kubwa na modeli zao za miaka mitatu nyuma. Hizo za nyuma ndizo ununuzi mzuri kuliko zote sokoni.

*Unamfaa* anayetaka upinde mmoja kwa kila kitu na hajui bado atawinda wapi mwakani.

Upinde mtulivu

*Kuvuta.* Unavutika kama droo iliyopakwa mafuta. Bonde ni pana: unaweza kusubiri kulungu atoke nyuma ya mti, ukalegea kidogo, ukarudi, na upinde usikunyang'anye.

*Kusamehe.* Kimo cha inchi 7 hivi, mara nyingi upinde ni mrefu zaidi, inchi 33 au 35. Pembe ya kamba usoni ni pana, kwa hiyo kitundu cha kulengea hukaa karibu na jicho bila kuinamisha kichwa. Ila ndani ya kibanda cha kitambaa cha kujifichia urefu huo ni tatizo, maana ncha ya chini hugonga kiti na ya juu hukwaruza paa. Pima kibanda chako kabla ya kulipa.

*Kelele.* Kimya kuliko yote.

*Utunzaji.* Baadhi ni wa roda moja, ncha ya pili ikiwa na gurudumu la duara tu. Huo hauna habari ya roda mbili kupishana, ingawa kamba yake ndefu ikinyooka, kitundu cha kulengea kinajigeuza na unavuta hadi mwisho usione kitu. Paka nta kamba ikianza kuota manyoya, badilisha kila miaka 2 au 3.

*Bei.* Dola 400 hadi 700, mara nyingi ukiwa na vifaa vyote tayari. Vifaa hivyo vya kifurushi, kusema kweli, vingi utavibadilisha. Anza na kiegemeo cha mshale.

*Unamfaa* anayeanza, mwenye bega bovu, na mzoefu wa miaka 20 anayewinda kutoka dungu asiyepiga mshale zaidi ya yadi 25. Wa tatu huyu huwashangaza wauzaji.

Mshale na chembe, maana upinde wa mbio hubadilisha hesabu

Roda kali hupinda mshale zaidi wakati wa kuondoka. Mtu wa ratili 60 na mvuto wa 27.5 anayetumia mshale wa ukakamavu 400 kwenye upinde mtulivu huenda akahitaji 340 kwenye wa mbio (namba ikipungua, mshale ni mgumu zaidi). Mshale mlegevu mno huenda vizuri na kichwa cha mazoezi, kisha unachepuka siku unapofunga chembe, yaani kichwa chenye makali cha kuwindia.

Chembe zenye makali yasiyokunjika ni kama mabawa mawili ya mbele yanayoshindana na manyoya ya nyuma. Kadiri kasi inavyopanda, na hasa ukipita futi 280, kasoro ndogo ya usawazishaji inakuwa kubwa. Piga mshale kupitia karatasi iliyotandazwa kwenye fremu, ukisimama yadi 2 hivi. Tundu liwe moja lenye alama za manyoya kuzunguka. Likichanika pembeni, kuna kazi. Kisha piga kwa chembe na kwa kichwa cha mazoezi kwenye shabaha moja yadi 30: vikitua mahali pamoja, umemaliza. Chembe za kukunjuka husamehe hapa, lakini hula nguvu kidogo zinapofunguka. Mwenye upinde mtulivu wa ratili 45 asizikimbilie.

Jaribio la dukani

Kaa kwenye kiti. Inua miguu yote miwili kutoka sakafuni. Shikilia upinde ukiwa umelenga mbele, si juu, kisha vuta. Ikibidi uinue upinde juu ndipo kamba ije, uzito umekuzidi, na msituni mwendo huo kulungu anauona. Ukishavuta, hesabu hadi 60. Halafu usifyatue: rudisha kamba polepole mpaka mwanzo. Upinde unaokuvuta bega wakati wa kurudisha ndio utakaokusumbua siku mnyama akigeuka na ikakubidi uache. Rudia na uzito uliopunguzwa. Skrubu za mikono ya upinde zikilegezwa mzunguko mmoja, juu na chini sawasawa, zinapunguza ratili 2 hadi 3.

Usikubali kuongezewa mvuto kwa inchi moja "upate kasi". Utapata futi 10 na kamba inayokucharaza mkono.

Kwa hali yako

Dungu msitu mnene, masafa chini ya yadi 25: mtulivu, au wa kati ukiwa nao tayari. Fedha inayobaki inunue kipima masafa.

Nyanda na milima ya magharibi, Colorado au Wyoming, ambako mnyama husimama yadi 40 na zaidi: wa mbio au wa kati wenye mshale wa greni 450 kwenda juu kama ni elki. Upepo huko husukuma mshale mwepesi.

Unashindana pia kwenye shabaha za sanamu za wanyama ambako masafa hayatajwi: wa mbio unalipa, maana makadirio ndiyo mchezo wenyewe.

Duka la karibu liko saa tatu kwa gari: mtulivu, pamoja na kamba ya akiba iliyokwisha kunyooshwa.

Ratili 60 zinakushinda kwenye jaribio la kiti: chukua upinde wa kundi lolote kwa ratili 50. Majimbo mengi huruhusu kulungu kuanzia ratili 30 hadi 40, na mshale mzito wenye chembe kali utapita.

Bajeti ni dola 500 na moyo uko kwenye wa mbio: tafuta uliotumika, lakini kwanza chukua pamba ya dukani, ifute juu ya mikono yote miwili ya upinde, ndani na nje, hadi kwenye kingo. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, kuna ufa usioonekana kwa jicho. Mrudishie mwenyewe.